Kiwanja cha Uyole na maswali ya baba mdogo

Simu ilinikuta Ubaruku, nimekaa juu ya magunia nasubiri zamu yangu kwenye mashine ya kukoboa. Dalali alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia. "Mama, kile ulichoniagiza kimepatikana. Uyole, barabarani kabisa, magari yanapita mlangoni. Ila njoo kesho, kuna mtu wa Tunduma anakitaka."

Kiwanja hicho nilikuwa nakitafuta mwaka wa tatu. Nauza mchele. Nanunua mpunga Ubaruku na Igurusi, nakoboa, napanga mchele kwa madaraja ya ubora, nauza Mbeya mjini na kwa wale wanaopakia kwenda mpakani Tunduma. Siku zote nimehifadhi mzigo kwenye nyumba za watu: chumba kimoja Ilomba, stoo ya kuazima Sae, mara nyingine sebuleni kwangu, watoto wanaruka magunia kwenda kulala. Nilitaka mahali pangu, penye ghala nyuma na duka mbele, mteja wa gunia na mteja wa kilo mbili wote wanikute hapo hapo.

Kwa hiyo moyo uliruka. Lakini nilikuwa nimeshaungua mara moja, na nitaeleza, maana ndiyo sababu ya yote niliyoyafanya baadaye.

Miaka kadhaa nyuma nilipanga fremu kando ya barabara kuu. Nilitoa kilemba, ile hela ya kuachiwa chumba cha biashara, nikalipa kodi ya mwaka mzima kama mwenye nyumba alivyotaka, nikapaka rangi, nikatengeneza rafu za mbao. Mwezi wa tano vijana wawili wakaja na kopo la rangi wakachora X nyekundu ukutani, karibu kabisa na mlango wangu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu hifadhi ya mita 60, yaani 30 kila upande ukipima kutoka katikati. Zamani ilikuwa 45, mita 22 na nusu kila upande. Ndiyo maana barabarani unaona X za rangi mbili: kijani ni kwa aliyefuatwa na barabara hifadhi ilipopanuliwa, huyo analipwa fidia, nyekundu ni kwa aliyeifuata barabara, huyo anabomoa na kuondoka. Mimi mpangaji sikuwa kwenye rangi yoyote. Kilemba hakikurudi, kodi haikurudi. Mwenye nyumba alikuwa anajua tangu siku ananipa funguo, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko zile hela.

Safari hii nikamwendea baba mdogo.

Baba mdogo alistaafu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Miaka yake mingi aliimaliza kwenye njia kati ya Mlimba na Makambako, kule reli inakopanda ukingo wa milima kwa mahandaki na madaraja, na masika yakishika udongo unashuka juu ya mataruma. Kazi yake ilikuwa kutembea kwa miguu akitazama ardhi, akisikiliza maji. Shule hakufika mbali, lakini sijaona mtu anayesoma mteremko kama yeye. Nikamsalimia shikamoo, nikamweleza. Akauliza swali moja tu: "Kipo juu ya barabara au chini ya barabara?"

Sikujua. Nilikuwa nimeuliza bei, ukubwa, na kama umeme upo. Hilo halikunijia.

Kilikuwa chini. Uyole barabara inapita na milima ikiwa upande wa kaskazini, na kiwanja kilikuwa upande wa kusini, kama mita moja na nusu chini ya lami. Mita 20 kwa 35. Pamekaa vizuri, pamefyekwa, pana mparachichi mkubwa kwenye kona. Dalali akatupokea kwa bashasha, akaanza kutembea na mikono imetandazwa: hapa ghala, hapa duka, hapa unaegesha fuso mbili. Baba mdogo hakuingia ndani. Alibaki kwenye ukingo wa barabara, akainama, akatenga nyasi kwa fimbo yake. Akaniita.

"Mwanangu, njoo uone mdomo."

Ulikuwa mdomo wa kalavati. Bomba la zege limepita chini ya lami na kutokea upande wetu, likiangalia kiwanja kama jicho. Mchanga mweupe ulikuwa umejipanga mbele yake kwa mistari, halafu mistari inaingia kiwanjani, inazunguka mparachichi, inatokea nyuma. Ilikuwa mwezi wa tisa, kavu kabisa, vumbi linaruka. Mtu mwingine angeona ni mchanga tu. Baba mdogo akasema, "Maji hufuata mkondo. Hapa ndipo mlango wao. Ukijenga, utakuwa umewafungia mlango, na watabisha hodi."

Dalali akasema lile kalavati halifanyi kazi siku hizi. Baba mdogo akampa "ndaga", asante ya Kinyakyusa, kwa heshima, asiendelee kubishana naye.

Ninapoandika haya nawakumbuka watu wa Itezi. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere likafunika nyumba za watu, na Itezi si mbali na pale. Mbeya tumekaa chini ya milima, udongo wetu mwingi ni wa majivu ya volkano za zamani, mlaini, mwepesi, unaotubebesha viazi na ndizi. Ukilowa sana haukai. Mtu anayeuza kiwanja mwezi wa tisa anauza kiwanja kikavu, na mwezi wa tatu wewe ndiye utakayekaa nacho.

Jumapili alfajiri tulirudi na tepu ya mita 50, magari yakiwa machache. Baba mdogo alisimama na kibendera chake cha zamani cha reli, mimi nikashika kichwa cha tepu kwenye mstari wa katikati ya lami, mtoto wa kaka yangu akavuta. Ukingo wa kiwanja ulianza kwenye mita 21. Maana yake mita tisa za mbele zote ziko kwenye hifadhi ya barabara. Tisa mara ishirini ni mita za mraba 180 kati ya 700 nilizokuwa naambiwa nizilipie. Na ndizo zilizokuwa duka kwenye hesabu za dalali! Maegesho ya fuso mbili yalikuwa hifadhi ya barabara.

Baba mdogo akaongeza jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa dalali yeyote: katikati ya barabara ya leo si lazima iwe katikati ya barabara ya kesho. TANZAM, hii barabara kuu ya kwenda Zambia, inapanuliwa kuwa njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Mhandisi akiamua kusogeza mhimili upande mmoja akwepe mlima au mto, tepu yako ya leo haina kazi. Inabidi uende ofisi ya barabara uombe kuonyeshwa mchoro. Nilikwenda. Nilionyeshwa. Ilinichukua asubuhi moja na unyenyekevu kidogo, na sijui kwa nini kwenye ile fremu ya kwanza sikufanya hivyo.

Mtu angeishia hapo. Mimi sikuishia, kwa sababu ile sehemu iliendelea kunivuta. Uyole ni njia panda: anayetoka Tukuyu na Kyela, hata anayetoka Malawi kupitia Kasumulu, anaingia TANZAM pale. Jiji lina watu 541,603 kwa sensa ya 2022, na asubuhi unaweza kudhani nusu yao wamesimama Uyole wanasubiri daladala. Nilisema labda nipate kiwanja kingine jirani, cha juu zaidi. Lakini kwanza nijue kama mchele utauzika hapo.

Nilikaa kwa mama mmoja anayeuza chai na chapati karibu na kituo. Jumatano moja, Jumamosi moja, na siku moja ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa na maharage mfukoni. Kila mtu aliyesimama akanunua kitu, chochote, kwenye vibanda vya upande ule, nilihamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Wanaopita sikuwahesabu kabisa. Malori yanapita usiku na mchana kwenda Tunduma, yanatikisa vikombe mezani, na dereva wake hajui hata kama upo.

Saa 12 asubuhi hadi saa 2 umati ulijaa hadi kwenye lami. Nilihamisha punje 19. Wengi walichukua andazi na vocha. Watu wako mbioni, wamejikunja kwenye masweta, macho yako kwenye daladala ijayo. Nani atanunua kilo tano za mchele saa 12 na nusu asubuhi akae nazo kazini Mwanjelwa siku nzima?

Saa 11 jioni nikageuza kiti. Daladala zinazotoka mjini zinashusha upande wa pili, kaskazini, na kule watu wanashuka taratibu. Nyanya, mkaa wa kopo, unga, dagaa, sabuni. Punje zilifika 60 na ushee kabla giza halijaingia, na nilikuwa nimeacha kuhesabu mara mbili kwa sababu na mimi nilikwenda kununua. Barabara ni ile ile na kituo ni kile kile, umbali ni wa kutupa jiwe, lakini upande mmoja ni wa kwenda kazini na upande mwingine ni wa kurudi nyumbani. Mchele wa kupima unanunuliwa upande wa kurudi nyumbani. Na barabara ikishakuwa njia nne na ukuta katikati, mama mwenye mtoto mgongoni hatavuka kuja kwangu hata nimpunguzie bei.

Ila hapo pakanifunulia jambo jingine. Mzigo wangu unatoka Igurusi, unakuja kwa upande wa kusini. Mnunuzi wa gunia anayekwenda Tunduma naye anapita upande wa kusini. Yaani kiwanja kile kibaya kwa duka kingefaa kwa ghala, na kizuri kwa duka kipo ng'ambo. Miaka mitatu nilikuwa natafuta kiwanja kimoja cha biashara mbili zinazotazama pande mbili. Nilikaa na kikombe cha chai kimepoa mkononi, nikasikia uzito umenitoka kifuani.

Niliomba pia fuso moja tunayefahamiana na dereva wake. Nikamlipia mafuta, nikamwambia jaribu kuingia na kutoka. Aliingia. Kutoka ilibidi arudi nyuma barabarani, tandiboi amesimama katikati ya TANZAM anapunga shati, mabasi yanapiga honi. Dereva akaniambia, "Dada, mara moja nimekufanyia. Kila wiki siwezi." Sasa kila sehemu ninayopelekwa naomba gari liingie na kugeuka ndani ya geti. Hakuna mchoro unaokuonyesha hilo.

Yule mama wa chapati ndiye alinipa ukweli wa kalavati bila mimi kuuliza. "Masika sisi huku tunahama," alisema. "Mwezi wa tatu meza zinakaa ng'ambo." Fundi wa kuchomelea mageti, nyumba ya tatu, akaniambia umeme wa njia tatu upo lakini jioni taa zinalegea, transfoma imebeba watu wengi. Mashine ya kupanga madaraja haitaki umeme unaolegea, inaunguza mota. Ukitaka kujua umeme wa mahali, kaulize mchomeleaji.

Halafu karatasi. Hapa nitasema kwa kifupi kwa sababu kila mtu anazijua ila hazifuati. Kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha ofisi ya ardhi ya halmashauri. Kwenye mchoro wa mipango miji eneo lile ni makazi. Unaweza kuomba kubadilisha matumizi, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaruhusu, kuna tangazo na majirani wana haki ya kupinga, lakini hiyo kazi inafanyika kabla ya kutoa hela. Muuzaji hakuwa na hati wala ofa, ile barua ya kumilikishwa kiwanja, alikuwa na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa. Upekuzi kwa msajili wa hati usingekuwa na cha kupekua.

Na kulikuwa na jambo la nyanya. Ile Jumamosi jioni, ng'ambo, nilinunua nyanya kwa mama mmoja mkimya mwenye kitenge cha bluu. Tukazungumza. Akaniambia anaishi pale pale chini, kwenye nyumba ya nyuma tu ya ule mparachichi mkubwa, kiwanja chao. Moyo wangu ukadunda. Nikamuuliza kama wamekaa muda mrefu. Akasema tangu aolewe, na kwamba mwakani watajenga choo kipya.

Hakujua kinauzwa.

Sikumwambia pale. Nilijiuliza usiku kucha kama nimekosea na bado najiuliza. Asubuhi nilimpigia dalali nikasema, "Mdogo wangu, nipo tayari kukaa mezani, lakini tukae wanne: wewe, mimi, mwenye kiwanja na mke wake. Sheria ya Ardhi inamtaka mwenza aridhie, na hata isingetaka, mimi nataka." Simu ikakaa kimya. Akasema atanirudia. Hakunirudia, na wala sikusikia habari ya yule mtu wa Tunduma. Wiki mbili baadaye nilipita kununua nyanya, yule mama alikuwepo, tukasalimiana vizuri. Choo kilikuwa kimeanza kuchimbwa.

Mwanjelwa nako nilipelekwa, fremu mbili zimeunganishwa ndani ndani, watu tele, bei ya kilemba ya kutisha. Sikukaa hata nusu saa. Shangazi yangu alikuwa na meza ya vitenge Mwanjelwa soko lilipoungua mwaka 2006. Akahamia soko la Sido na wenzake, Sido nayo ikaungua 2011. Kwa hiyo kwenye ukoo wetu mtu akionyeshwa duka anauliza gari la zimamoto litapita wapi. Pale lisingepita popote. Hata guta lilikuwa linasukumwa kwa mkono.

Kilichonikaa moyoni ni kiwanja cha Ilomba, mtaa wa ndani, kama dakika nne kwa gari kutoka lami. Hakipendezi. Mbele kuna gereji, nyuma kuna mtu anafuga nguruwe, na dalali mwingine, kijana mpole, alinionyesha kwa kusitasita kama anayeomba radhi. Lakini kina hati ya miaka 33, matumizi yameandikwa makazi na biashara, na bikoni zote nne za mipaka tulizikuta, ya mwisho tukaifukua kwa jembe chini ya rundo la magurudumu. Fuso iliingia, ikageuka, ikatoka kwa pua. Mchomeleaji wa gereji anasema umeme haumsumbui. Mke wa muuzaji ndiye aliyetupa chai. Huko naweza kuweka ghala, halafu fremu ndogo ya kupima kilo nikaipanga Uyole, kaskazini, wanakoshuka watu jioni. Ndogo kabisa, hata ya mita mbili na nusu kwa tatu.

Baba mdogo alikizunguka mara mbili. Kuta za gereji zilikuwa na mstari wa udongo mwekundu chini, kama nusu futi kutoka ardhini. Akaugusa kwa kidole. "Huu umetoka kwa tone la bati linaloruka, au maji yalisimama?" Gereji wakasema ni tone la bati. Akasema sawa, tutaona. Nikamwomba muuzaji anisubiri hadi mvua ya kwanza. Nilitoa kiasi kidogo cha kumshika mkono, tukaandikishana kwa mwenyekiti kwamba kama maji yataingia narudishiwa. Alikubali bila manung'uniko, na hilo nalo nililiweka kwenye hesabu.

Novemba ilikuwa na mawingu tu. Wiki ya kwanza ya Desemba, saa 9 mchana, Mlima Loleza ukafunikwa wote. Nilikuwa nashusha mzigo Sae. Nilimwachia kijana magunia, nikachukua bajaji hadi kwa baba mdogo. Nilimkuta ameshavaa mabuti, amekaa mlangoni na mwavuli magotini.

Tulifika Ilomba mvua imeshika kweli kweli, ile ya mawe madogo. Tukasimama chini ya bati la gereji, mafundi wametupisha benchi. Mtaro wa mtaa ulijaa, ukawa wa kahawia, ukabeba chupa na maganda ya miwa, ukapita mbele ya kiwanja ukiwa umebakiza kiganja kimoja kufika ukingoni. Matone ya bati yalikuwa yanaruka, yanaupaka ukuta udongo, nusu futi, pale pale kwenye ule mstari. Baba mdogo alitoka kwenye mvua, akachomeka fimbo yake katikati ya kiwanja, akarudi. Tukaitazama fimbo. Nusu saa, dakika arobaini. Chini yake palilowa, palibonyea, maji hayakusimama.

"Msingi uupandishe futi mbili," alisema. "Na mtaro wa mbele uuchimbe wewe, usiwasubiri wengine."

Nikamuuliza kama nimlipe mtu hela yake.

Alikuwa bado anaitazama ile fimbo. "Ngoja ikatike kwanza," akasema, "nataka kuona inakauka kuelekea wapi."